Kipupwe kimeingia, midomo imepasuka: Shangazi anajibu maswali yenu

Kamwene wapendwa wa Iringa na Njombe, na nyie wa Rungwe ndaga. Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja kwa maneno tofauti, mara pua, mara midomo, mara kikohozi kikavu kisichotoa kitu, mpaka mmoja kaniuliza habari za mlango wa kabati kupasuka nikacheka nikasema haya na wewe njoo. Wanaonijua wanajua nilikuwa muuguzi wodini miaka mingi kabla sijastaafu na baridi ya Mbeya nimeilala zaidi ya miaka thelathini, kwa iyo haya nimeyaona kwa macho na mengine yamenikuta mwenyewe. Tuanze na hili ambalo limeninyima usingizi.

Shangazi shikamoo. Mi nina mapacha wa miezi 8, toka baridi ianze pua zao zinaziba usiku wanakoroma kama wazee na midomo imekauka. Mama mkwe kanambia niwashe jiko la mkaa chumbani alaf juu niweke sufuria ya maji, mvuke utawalainishia pua na yale maji yanavuta sumu ya mkaa. Tunalala nalo mpaka asubuhi, mlango tunafunga na chini tunaziba na kanga maana upepo wa huku unaujua. Chumba kinakuwa na joto zuri kweli ila mi naamka kichwa kinauma kila siku, nikitoka nje kuchota maji kinaacha. Nifanyeje na izo pua? Mama Mapacha, Mafinga

Marahaba mwanangu. Pua tutafika, ila kwanza nakuomba kitu kimoja, usiku wa leo hilo jiko lisilale ndani. Sio kesho, leo.

Icho kichwa kinachouma ukiwa ndani na kuacha ukitoka nje sio baridi, ni hewa ya mkaa, kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikuwashi macho kama moshi wa kuni, na ndio ubaya wake maana mkaa ukishakolea na moshi ukaisha mtu anajua sasa ni salama, kumbe ule mkaa mwekundu uliotulia ndio unaitoa vizuri, hata ukishafunikwa na jivu bado unaitoa. Hewa hii ikiingia kwenye damu inashika mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa iyo unapumua vizuri tu lakini mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, alaf usingizi mtamu, na kwenye usingizi huo ndipo wengi hawaamki. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko wewe kwa iyo yeye anaijaza mapema, na hana mdomo wa kukwambia kichwa kinamuuma.

Hilo la maji kuvuta sumu nalijua, nimelisikia toka utotoni, wengine wanasema bakuli la maji uvunguni, wengine wanasema tia chumvi kwenye mkaa. Hamna kitu. Hewa hii haiingii kwenye maji kiasi cha kukuokoa, maji yanatoa mvuke tu na sumu inabaki pale pale. Na mama mkwe usigombane naye mwanangu, yeye alilala na jiko kwenye nyumba ya udongo na nyasi inayopitisha hewa kila upande, wewe unalala kwenye nyumba ya tofali, madirisha ya vioo, silingibodi, na mlango umeziba na kanga. Msomee hii taratibu, mwambie Shangazi anamsalimia.

Mi mwenyewe yalinikuta msibani huko Makete, tulilala wanawake saba chumba kimoja na jiko katikati, usiku wa manane nikaamka kutaka kutapika, nikamshtua wa pembeni hasikii, nikatambaa mpaka mlangoni. Tulitoka wote saba wazima, wawili walibebwa. Toka siku iyo mi na jiko ndani tumeachana. Ikitokea kwenu, fungua kila kitu, watoe watu nje kwenye hewa, alaf hospitali hata kama wamezinduka, na ukifika sema wazi tulikuwa tumelala na jiko la mkaa, maana usiposema daktari anaweza kuanza kutafuta malaria.

Sasa joto utapata wapi. Washa jiko nje, ingia nalo jioni mkiwa macho na dirisha likiwa wazi, kabla ya kulala litoke nje kabisa, sio koridoni. Kitanda cha watoto kipashe moto na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, ukishawalaza chupa unaitoa. Wavalishe nguo moja zaidi ya unayovaa wewe, inatosha.

Na pua ndio izi. Nunua maji ya chumvi ya matone duka la dawa, au tengeneza mwenyewe, chumvi safi ya jikoni nusu kijiko cha chai kwenye kikombe kimoja cha maji yaliyochemka (kama mililita 240 ivi), yapoe, kila siku tengeneza mapya. Tone mbili kila tundu dakika kumi kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, alaf futa kinachotoka. Wanyonyeshe mara nyingi zaidi. Midomo pakaa mafuta ya mgando kidogo. Zile dawa za kuchua zenye harufu kali ya menthol na kafuri achana nazo, sio za mtoto chini ya miaka 2. Na ukiona anapumua haraka, mhesabie akiwa ametulia dakika nzima, ikifika 50 au zaidi kwa mtoto wa umri huo, au mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, au anakataa ziwa, hapo sio ukavu tena, nenda hospitali usiku huo huo.

Shangazi mi kuna kitu sielewi, asubuhi huku Njombe ukungu unakuwa mpaka gari inawasha taa, majani yamelowa, alaf nyie mnasema hewa kavu. Ukavu gani wakati kuna ukungu? Na mbona usiku nikivuta blanketi linatoa cheche? Mwalimu wa Njombe

Swali zuri mwalimu na nimelisubiri siku nyingi. Hewa ya baridi ni kama kikombe kidogo, kinajaa haraka. Kwenye nyuzi 5 hewa yote ya mita moja ya ujazo inabeba maji kama gramu 7 tu basi imejaa, ndio huo ukungu unaouona. Sasa hewa hiyo hiyo ikiingia ndani ukaipasha moto ikafika nyuzi 20, kikombe kimekuwa kikubwa, sasa kinaweza kubeba gramu 17, lakini maji ni yale yale 7. Kwa iyo ile iliyokuwa na unyevu wa asilimia 100 nje inakuwa kama asilimia 40 ndani, na hapo hujaongeza wala kupunguza tone. Saa sita mchana ndio balaa zaidi, jua la huku linawaka kweli, mbingu nyeupe haina wingu, upepo unatoka kusini mashariki na vumbi lake, na mvua ya mwisho wengi wetu tuliiona mwezi wa tano. Hewa iyo inakuwa na kiu, inakunywa popote inapopata, kwenye midomo yako, kwenye macho, kwenye mbao, kwenye udongo wa kwenye kopo la maua.

Ndio maana wanaosema hita ya umeme inakausha hewa wako nusu sahihi. Haitoi maji popote, inaongeza kiu tu.

Cheche za blanketi ni umeme wa msuguano, hewa ikiwa na unyevu umeme ule unatoroka kimya kimya kupitia unyevu ulioshika kwenye vitu, ikikauka unabaki kwenye blanketi mpaka ukuguse. Blanketi za manyoya ya plastiki ndio zinaongoza. Haina madhara ila ni kipimo cha bure, ukiona cheche ujue chumba kimekauka.

Habari Shangazi, mi mwanachuo hapa Iringa, nimepanga chumba kimoja. Nimeweka beseni la maji chini ya kitanda wiki ya pili sasa sioni tofauti, koo linaniwasha kila asubuhi. Rafiki yangu anasema taulo ndio mpango mzima. Nani mkweli?

Rafiki yako. Tupige hesabu kidogo maana wewe ni msomi. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2 na nusu, ni mita 30 za ujazo. Kukitoa unyevu wa asilimia 30 mpaka 50 kwenye nyuzi 20 unahitaji kama gramu 100 za maji, robo ya chupa ndogo tu ya maji ya dukani, unaona ni kidogo. Lakini chumba hakijafungwa kama kopo, hewa inatoka juu ya ukuta, chini ya mlango, kwenye nafasi za bati, tuseme hewa yote inabadilika mara moja kwa saa, basi kila saa unatakiwa uweke gramu 100 nyingine, usiku wa saa nane inakaribia lita moja. Beseni lako lina uso mdogo, maji yake baridi, tena umelificha uvunguni ambako hakuna hewa inayopita, usiku mzima linatoa vijiko vichache. Taulo kubwa lililolowa na kukamuliwa lisidondoshe linabeba nusu lita na zaidi, na uso wake ni pande zote mbili, lianike kwenye kamba karibu na kitanda, asubuhi utalikuta kavu na hayo maji yote yamekwenda hewani. Au kuwa mjanja zaidi, nguo zako fua jioni, zianike ndani usiku. Unafua na unatibu koo kwa wakati mmoja.

Ila taulo lifuliwe na lianikwe juani, usilirudie lile lile wiki nzima likaanza kunuka, hapo unapumua uchafu. Na lile koo, kabla hujalaumu hewa, jiangalie kama unalala mdomo wazi kwa sababu pua imeziba na vumbi. Ukipiga deki na kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu utaona mabadiliko kuliko taulo, hili nakwambia maana nimewahi kukaa chumba cha kupanga Iringa, vumbi la pale linaingia hata kwenye sukari.

Shangazi pole na majukumu. Shemeji yangu alikuja kutoka Uingereza akatuletea himidifaya, ile mashine ya maji inatoa moshi wa baridi. Tumeitumia wiki mbili, sasa kila asubuhi kuna unga mweupe kwenye tivii, kwenye kabati, mpaka kwenye simu. Mke wangu anasema ni dawa ya ajabu tuizime. Umeme inakula sana? Baba wa Uyole

Sio dawa ni madini ya maji kaka yangu. Iyo mashine haichemshi, ina kisahani kinachotetemeka kwa kasi sana kinayapasua maji kuwa ukungu, kwa iyo chochote kilichomo kwenye maji kinarushwa hewani, chokaa, magadi, vyote. Maji yakikauka unga unabaki kwenye tivii, na kwenye mapafu yenu pia. Maji mengi ya visima ni magumu, utayajua kwa birika linaloshika ukoko mweupe na sabuni isiyotoa povu. Ukiyachemsha yakapoa na ukayachuja yale ya juu chokaa inapungua, haiishi yote. Kama mlikinga maji ya mvua kwenye simtanki hayo ndio laini, yachemshe kwanza maana bati lina mavi ya ndege. Au yale ya betri, namaanisha maji yaliyotoneshwa na sio tindikali, soma kopo vizuri tafadhali, vikopo vinafanana.

Kubwa kuliko unga ni usafi. Maji ya jana mwaga kila siku, tangi likauke, kila baada ya siku tatu lisugue na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu alaf suuza mpaka harufu iishe. Ukiiacha wiki utaona utelezi ndani, ule utelezi ni vijidudu na mashine inavirusha kama inavyorusha chokaa. Kuna familia nawajua watoto walikohoa mwezi mzima wakaongeza mashine ifanye kazi zaidi wakati ndio iliyokuwa inawakohoza. Usitie mafuta ya kunukia wala mikaratusi.

Umeme haili sana, nyingi za aina iyo ziko kwenye wati 30 ivi, saa nane za usiku ni robo uniti. Zile za kuchemsha maji ndio zinakula, na zinaunguza watoto.

Na msiiache inawaka tu kwa sababu ipo. Tafuta kile kisaa kidogo cha kupima unyevu, kinaonyesha na joto pembeni, mnachotaka ni kati ya asilimia 40 na 50, ikipita 60 zima. Vingi ni vya bei rahisi na vinadanganya, kwa iyo kipime chenyewe, chumvi kijiko kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji iwe kama uji mzito isiyeyuke yote, weka na kisaa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko mzuri, kesho yake asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68 ujue kinapunguza 7, ongeza kichwani.

Mwanangu yuko bweni huko kwenu juu kwenye baridi, kidato cha pili, kila wiki anatokwa damu puani. Matron anamlaza chali na kumwagia maji kichwani. Nina wasiwasi sana. Mzazi, Mbarali

Mzazi mwenzangu, mwambie matron kwa heshima asimlaze chali. Damu inashuka kooni, anameza, anatapika, na mkishaona matapishi ya damu mtakimbia wote. Akae, ainamishe kichwa mbele kidogo, abane ile sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa vidole viwili, apumue kwa mdomo, dakika 10 mpaka 15 mkiangalia saa, bila kuachia achungulie. Kuchungulia ndio kunaanzisha upya. Maji ya kichwani yanampoza tu na bweni lenyewe lina baridi.

Kinachotokea ni kwamba mbele ndani ya pua kuna mishipa midogo mingi iko karibu karibu juu ya ngozi, hewa ikikausha inaweka ukoko, mtoto anachokonoa, ukoko unang'oka na mshipa. Mbarali ni joto, huku juu alikopelekwa ni baridi na kavu, pua yake inajifunza. Mpe kopo dogo la mafuta ya mgando, apakae kiasi cha punje ya mchele kila tundu asubuhi na usiku kwa kidole safi, na kucha akate. Damu isipokata baada ya nusu saa ya kubana vizuri, au inamtoka na kwenye fizi, au anapata madoa ya damu kwenye ngozi, apelekwe hospitali. Na nyie wazee mnaosoma hii mkidhani ni ya watoto, mtu mzima akitoka damu puani apime na presha.

Shangazi mi ngozi inapauka hata nipake mafuta gani, nikijikuna inaandika kama ubao. Miguu magaga mpaka soksi inashika. Naoga maji ya moto sana maana baridi siwezi. Dada wa Forest, Mbeya

Umejijibu mwenyewe mdogo wangu, ni hayo maji ya moto sana. Yanayeyusha mafuta yako ya asili kama yanavyoyeyusha kwenye sufuria. Oga ya uvuguvugu, dakika tano, sabuni paka penye jasho tu sio mwili mzima, na kama unatumia sabuni ya mche ya kufulia acha kabisa. Alaf siri yote iko hapa, usijikaushe mpaka ukauke, jifute kwa kugusagusa, ngozi ikiwa bado na unyevu pakaa mafuta ndani ya dakika tatu. Mafuta hayaleti maji, yanafunika yaliyopo, ukipaka kwenye ngozi kavu umefunika ukavu. Mafuta ya mgando yanafunika vizuri kuliko losheni za bei mbaya zenye harufu. Glisirini watu wanapenda, ila usiipake yenyewe tupu msimu huu, inavuta maji na hewa ikiwa haina inavuta ya kwako, changanya na maji sehemu mbili za maji kwa moja ya glisirini alaf funika na mgando juu.

Magaga loweka dakika 15, sugua na jiwe taratibu, mgando mwingi, soksi za pamba, lala nazo. Wiki mbili. Kama kuna sehemu zinawasha sana, nyekundu, zinatoa maji kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, iyo inaweza kuwa pumu ya ngozi, muone daktari.

Mi fundi seremala, natengeneza makabati na milango ya paini ya huku Mufindi. Mteja kanirudishia kabati milango imepasuka katikati anasema nimemuuzia mbao mbovu. Alinunua mwezi wa pili likiwa zima kabisa. Nilipe? Fundi

Hahaa wewe ndio wa mlango. Fundi, mbao inapumua. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 mbao inatulia ikiwa na maji kama asilimia 12, hewa ikishuka mpaka 30 inataka kushuka mpaka 6 ivi, na inapotoa maji inanywea upana, urefu karibu haibadiliki. Mwezi wa pili mvua zinanyesha, mbao imevimba, ukatengeneza ikakaa vizuri, mwezi wa saba imenywea. Kama ile paneli ya katikati uliitia gundi pande zote nne haikuwa na pa kwenda, ikapasuka. Hapo kosa ni lako samahani. Paneli inatakiwa ikae kwenye mfereji bila gundi icheze, fremu tu ndio gundi. Mbao mbichi kutoka msituni, hata iwe nzuri ya Sao Hill, ipange kivulini na vijiti katikati miezi kadhaa, alaf iingie karakana ikae wiki mbili kabla ya msumeno. Kwa mteja mbadilishie milango umchaji mbao tu, na mwambie asiliweke kabati ukutani panapopigwa na jua la mchana.

Shangazi nyie mnalia ukavu, njooni Tukuyu! Nguo siku tatu hazikauki, ukuta wa nyuma umekuwa mweusi, viatu vimeota ukungu kabatini. Jirani katoka Mbeya mjini kaleta himidifaya anaiwasha kila usiku kwa sababu amezoea. Mwambie.

Jirani, zima. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hata mwezi wa saba manyunyu hayakosi, kwa mashine hiyo unaunywesha ukuta tu. Kilometa 70 tu kutoka Mbeya lakini hewa ni nyingine kabisa, ndio maana nawaambia kisaa kwanza mashine baadae.

Na wewe unayelalamika, ule weusi ni ukungu unaoota pale hewa ya joto yenye maji inapogusa ukuta wa baridi, kwa kawaida ukuta usiopigwa na jua na nyuma ya kabati. Vuta kabati litoke ukutani kiganja kimoja, fungua madirisha ya pande mbili mchana jua likitoka hata nusu saa, sufuria zifunikwe na mlango wa jikoni ufungwe mnapopika, nguo zianikwe barazani sio chumbani. Ukuta usugue na maji ya sabuni, ukauke, alaf maji ya jiki, na usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine, inatoa hewa ya sumu. Rangi mpya usipake juu ya ukungu, utatokea tena mwezi ujao.

Itaisha lini hii Shangazi? Mchovu, Mbeya mjini

Baridi mwisho wa mwezi wa nane inaanza kulegea. Ukavu ndio kwanza. Mwezi wa tisa na wa kumi joto linapanda na mvua bado, watu wanachoma mashamba, moshi unakaa bondeni, hapo ndio ukavu unafika penyewe na watu wameshaweka mafuta ya mgando kabatini wakidhani kipupwe kimekwisha. Msiyaweke. Mpaka mjakaranda imwage maua yote na mvua za mwezi wa kumi na moja zipige bati, na nikiwajua vizuri wiki iyo iyo mtaanza kuniandikia nguo zinanuka, nitawapa namba za yule wa Tukuyu.